Sumu Hupita Kwenye Swali Lisiloulizwa

Vipande vya ngozi ninavyofanyia kazi ni vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na havijawahi kuguswa na jua. Seli zake zilitoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji na ngozi iliyobaki ikatolewa kwa ajili ya utafiti. Zimekuzwa ndani ya kikombe kidogo chenye kitako cha utando: chakula kinapenya kutoka chini, na juu zimeachwa zipigwe na hewa. Zikishapata hewa hujipanga zenyewe tabaka kwa tabaka, na tabaka la juu kabisa hufa na kukauka, kama lilivyo kwenye mkono wako unaposoma hapa. Ninadondosha mikrolita 30 za kiambato ninachokipima, nasubiri saa moja, naosha kwa maji ya chumvi tena na tena mpaka niridhike, kisha naziacha tishu ndani ya inkubeta, kabati lenye joto kama la mwili, kwa saa 42 ili kama zina majeraha yajitokeze.

Baada ya hapo huja hatua ninayoipenda. Tishu huwekwa juu ya kemikali ya njano iitwayo MTT. Seli iliyo hai huimeza na kuigeuza zambarau. Iliyokufa haina uwezo huo. Rangi ikishatolewa kwa isopropanoli, aina ya pombe, mashine husoma ukolezi wake kwenye mwanga wa nanomita 570, tukalinganisha na tishu ambazo hazikupakwa kitu chenye madhara. Kama seli zilizo hai hazizidi asilimia 50, kiambato kinahesabiwa kuwa kinawasha ngozi. Kazi inaonekana nyepesi. Ila kuna viambato ambavyo vyenyewe, pasipo seli hata moja, huigeuza MTT zambarau. Na kuna vingine, hasa rangi za nywele, ambavyo vina rangi yake vyenyewe na hung'ang'ania kwenye tishu hata uoshe vipi. Ukiisoma namba bila kulijua hilo, utaandika kwamba ngozi ilisalimika, kumbe ilishakufa. Ndiyo maana pembeni huwa na tishu nyingine tulizoziua makusudi. Tunazipaka kiambato kilekile, tunapima zambarau isiyotokana na uhai, tunaitoa kwenye hesabu.

Mashine haikosei pale. Iliulizwa rangi imekolea kiasi gani, ikajibu. Sisi ndio tuliotaka kujua jambo jingine. Nimekaa kwenye fani hii muda wa kutosha kuona kwamba karibu kila msiba mkubwa wa dawa na vipodozi una sura hiyohiyo: kipimo kilifanyika, au kilidhaniwa kimefanyika, na jibu lilikuwa la kweli kwa swali ambalo si lile lililohitajika.

Ndugu na marafiki hunitumia picha za lebo. "Hii krimu ni salama?" Nami huwarudishia maswali: inapakwa wapi, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, inaoshwa au inabaki mwilini, anayeipaka ni mtu mzima au mtoto, ngozi yake ni nzima au ina michubuko? Wapo wanaoona nakwepa. Sikwepi. Paracelsus, tabibu wa Uswisi, aliandika mwaka 1538 kwamba kila kitu ni sumu na dozi ndiyo inayoamua, na wanaopenda kumnukuu huishia hapo. Dozi ni swali moja tu. Njia ya kuingia mwilini ni la pili, muda ni la tatu, na mwili wa nani ni la nne, ambalo limeua wengi.

Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee, Marekani, ilikuwa na dawa nzuri mkononi. Sulfanilamaidi ilitibu maambukizi ambayo zamani yalikuwa yakiua, na ilishatumika kwa vidonge na kwa unga bila shida kubwa. Wateja walitaka dawa ya maji, ambayo mtoto angeweza kuinywa. Mkemia mkuu wa kampuni, Harold Watkins, aliona kwamba dawa hiyo inayeyuka vizuri ndani ya daiethilini glaikoli, kimiminika kitamu kisicho na rangi. Maabara ya kampuni ikakagua ladha, sura na harufu. Vyote vikapita, ikatiwa ladha ya rasiberi, ikaingia sokoni mwezi Septemba.

Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Walitapika, matumbo yakawauma, mkojo ukakata, na wengi waliteseka kwa siku nyingi kabla ya kukata roho. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilituma karibu wakaguzi na wakemia wake wote wa nje ya ofisi, watu 239, wakafuatilia chupa moja moja. Zilikuwa zimetengenezwa galoni 240. Walizirudisha 234 na painti moja. Kiasi kilichobaki, kisichofika galoni 6, ndicho kilichofanya yote hayo.

Kinachoua si glaikoli yenyewe. Ini huipokea na kuivunja hatua kwa hatua kama linavyofanya kwa kemikali nyingi, na mwisho wa safari hiyo hupatikana asidi ya diglaikoli, ambayo hurundikana kwenye seli za mirija ya figo na kuziua. Ulimi hauwezi kuliona hilo, wala pua. Kilichohitajika ni kuwapa panya kimiminika hicho kwa siku chache na kusubiri, na sheria ya wakati ule haikumtaka mtu yeyote afanye hivyo. Kampuni ilishtakiwa kwa kosa la lebo tu: ilikuwa imeiita dawa yake "Elixir", jina lililotakiwa kutumika kwa dawa yenye pombe, na ndani hamkuwa na pombe. Watu zaidi ya 100 wamezikwa, na kosa lililopatikana ni hilo. Bado hunikasirisha kila ninapolisoma.

Sheria mpya ilipitishwa Marekani mwaka 1938, na mara hii vipodozi navyo vikaingizwa. Rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye parafenilenidiamini, ilikuwa imewajeruhi wanawake macho na kuwapofusha baadhi yao, na serikali haikuwa na mamlaka ya kuiondoa sokoni.

Maabara ya Eugene Geiling katika Chuo Kikuu cha Chicago ndiyo iliyopewa kazi ya kuthibitisha kilichowaua watu wale, na miongoni mwa walioshiriki alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, Frances Oldham. Mwaka 1960, sasa akiitwa Frances Kelsey, alianza kazi FDA, na moja ya mafaili ya mwanzo kabisa aliyokabidhiwa lilikuwa la thalidomidi.

Thalidomidi ilikuwa ikiuzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 kama dawa ya usingizi, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Sifa yake kuu ilikuwa kwamba panya wa maabara waliweza kunyweshwa kiasi kikubwa mno na wasife. Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa. Swali lilikuwa: ni kiasi gani kinamuua panya mzima? Kelsey aliuliza mengine. Aliposoma barua ya daktari mmoja kwenye jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wagonjwa waliokufa ganzi mikono na miguu, alijiuliza: dawa inayogusa neva za mtu mzima inamfanyia nini mtoto aliye tumboni? Akataka ushahidi. Kampuni ilibembeleza, ikalalamika kwa wakubwa wake, naye hakutia saini. Mnamo Novemba 1961, baada ya daktari Widukind Lenz kuunganisha dawa hiyo na watoto waliokuwa wakizaliwa bila mikono au miguu iliyokamilika, ikaondolewa sokoni Ujerumani. Kufikia hapo watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika.

Hatari yote ilikaa ndani ya dirisha jembamba, takriban siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Kidonge kimoja kiliweza kutosha. Sungura walipokuja kujaribiwa baadaye walionyesha ulemavu uleule, panya hawakuuonyesha. Sababu ilipatikana baada ya karibu nusu karne. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba thalidomidi hunasa kwenye protini iitwayo sereblon, na baadaye ikaonekana kwamba ikishanasa huifanya seli ivunje protini nyingine ambazo kijusi kinazihitaji. Sereblon ya panya inatofautiana na yetu kwa asidi amino moja mahali panaponasa dawa. Tofauti ndogo kiasi hicho ni miongoni mwa zilizomlinda panya na kutudanganya sisi. Leo dawa hiyohiyo inatumika, chini ya masharti makali, kwa wagonjwa wa ukoma wanaopata mchochota na kwa saratani ya uboho iitwayo mailoma, na inawasaidia. Kwa mgonjwa huyo, kwa masharti hayo, ni dawa nzuri.

Kwa upande wa vipodozi, maswali haya hugeuka kuwa hesabu, na ni hesabu ambayo ningetamani kila mtu aione walau mara moja, kwa sababu ndiyo iliyo nyuma ya lebo nyingi. Tuchukue losheni ya mwili. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia usalama wa vipodozi hukadiria kwamba mtu mzima hupaka gramu 7.82 kwa siku. Tuseme kihifadhi tunachokipima, yaani kinachozuia losheni isiote vijidudu, kimo humo kwa asilimia 1. Hiyo ni miligramu 78.2 kwenye ngozi kila siku, na kwa mtu wa kilo 60 ni kama miligramu 1.3 kwa kila kilo ya mwili. Si zote zinazopenya. Tukiwa tumepima upenyaji kwenye ngozi na kukuta asilimia 10, kinachoingia mwilini ni miligramu 0.13 kwa kilo. Tuseme pia kwamba wanyama waliopewa kiambato hicho kwa muda mrefu hawakuonyesha madhara mpaka kufikia miligramu 50 kwa kilo. Gawanya 50 kwa 0.13, utapata karibu 384. Kanuni inataka isipungue 100: mara 10 kwa sababu mtu si panya, mara 10 nyingine kwa sababu mtu na mtu hawafanani. Kiambato kimepita.

Sasa tufute kipimo kimoja tu, kile cha upenyaji. Pasipo takwimu za kuaminika, kamati huchukulia kwamba asilimia 50 inapenya. Hesabu inashuka hadi 77, na kiambato kinakataliwa. Losheni ni ileile na kemikali ni ileile. Mtu akikwambia kitu fulani "kimethibitishwa kisayansi", omba uone namba ya upenyaji ilitoka wapi, kwenye ngozi ya nani, na ilikuwa nzima au imechunika.

Hilo la ngozi iliyochunika silisemi kwa kujaza nafasi. Heksaklorofini ilikuwa kiua vijidudu kilichoaminika sana kwenye sabuni za hospitali. Mwaka 1972 nchini Ufaransa kosa la kiwandani liliingiza zaidi ya asilimia 6 ya kemikali hiyo ndani ya poda ya watoto. Poda ya watoto hupakwa mahali palipobanwa na nepi, mara nyingi pakiwa na vipele, kwenye mwili mdogo ambao eneo lake la ngozi ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Kemikali ilipenya hadi kwenye ubongo. Watoto 36 walikufa. Namba yoyote iliyopatikana kwenye kiganja cha mtu mzima aliyenawa na kusuuza isingeweza kumsemea mtoto yule.

Lakini hofu nayo ina madhara yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoandika kuhusu vipodozi. Mwaka 2004 utafiti mmoja wa Uingereza uliripoti kuzipata parabeni, vihifadhi vya siku nyingi, ndani ya sampuli 20 za uvimbe wa saratani ya matiti. Haukulinganisha na tishu zisizo na saratani, kwa hiyo haukuweza kusema kama parabeni zilihusika na chochote. Habari ikaenea hata hivyo, na chupa zikaanza kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina parabeni. Losheni isiyo na kihifadhi huota bakteria na kuvu, kwa hiyo kitu kingine kilipaswa kuchukua nafasi. Kimojawapo kilikuwa methilisothiazolinoni, ambayo Umoja wa Ulaya uliiruhusu itumike peke yake kwenye vipodozi mwaka 2005, kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.01.

Ilikuwa imepimwa. Ilijulikana kwamba inaweza kuleta mzio. Kilichokosekana ni kuuliza mtu mmoja anakutana nayo mara ngapi kwa siku: kwenye losheni, kwenye shampuu, kwenye vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia mtoto, kwenye sabuni ya vyombo, hata kwenye rangi ya ukuta. Mzio wa ngozi huanza kimyakimya. Kemikali hujibandika kwenye protini za ngozi, seli za kinga huibeba na kuufundisha mwili, na siku hiyo huoni kitu. Miezi baadaye unapaka kipodozi kilekile ulichokizoea, uso unavimba na kope zinachubuka. Madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Ulaya waliona wagonjwa wakiongezeka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitaja kuwa kizio cha mwaka. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini mwaka 2017, na mwaka uliofuata ukashusha kiwango chake kwenye vinavyooshwa. Aliyekwisha kupata mzio huo hautoki. Ataishi akisoma lebo. Baadhi yao walikuwa watu waangalifu, walionunua kwa makusudi chupa iliyojinadi kuwa salama zaidi.

Kuhusu wanyama nitasema ninachokiamini. Mwaka 1944 John Draize wa FDA alichapisha njia ya kupima muwasho kwa kumtia sungura kemikali jichoni na kuhesabu wekundu na ukungu wa jicho, na kwa miongo mingi macho ya sungura ndiyo yaliyotujibu. Tangu tarehe 11 Machi 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu kuuza kipodozi ambacho viambato vyake vimejaribiwa kwa wanyama kwa ajili ya vipodozi, na nafurahi kwamba tishu zangu za vikombeni zimechukua sehemu ya kazi ile. Kwa muwasho wa ngozi hatupotezi kitu; tishu ya binadamu hutabiri ngozi ya binadamu kuliko mgongo wa sungura. Ila anayedai kwamba kikombe kinaweza kujibu yote anawapotosha watu. Kikombe hakina ini linalogeuza kemikali kuwa nyingine, hakina mimba, wala hakizeeki.

Na mnyama mzima naye hujibu kwa mwili wake. Machi 2006 jijini London wanaume sita wenye afya njema walidungwa TGN1412, kingamwili iliyotengenezwa kuamsha seli za kinga aina ya T. Dozi yao ilikuwa sehemu moja ya 500 ya ile ambayo nyani waliivumilia. Ndani ya saa 16 wote sita walikuwa mahututi, kinga zao zikiwashambulia wenyewe, viungo vikishindwa kimoja baada ya kingine. Walinusurika wote, mmoja akapoteza vidole. Uchunguzi ulionyesha kwamba kundi la seli T lililolipuka kwa binadamu halina, kwa nyani wale, kishikizo ambacho dawa ilikilenga. Tena walidungwa kwa kupishana dakika chache tu, kabla aliyetangulia hajaonyesha dalili. Tangu hapo mtu wa kwanza hupewa dawa ya namna hiyo peke yake na wengine husubiri, na dozi ya kuanzia huhesabiwa kutokana na kiasi kidogo kabisa kinachotarajiwa kufanya jambo lolote mwilini, si kutokana na kile ambacho mnyama alikivumilia.

Haya yote yalikuwa maswali ambayo hayakuulizwa kwa sababu sayansi au sheria haikuwa imefika. Kuna aina nyingine inayoniumiza zaidi.

Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia. Ndani yake kulikuwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Watoto walitapika, matumbo yakawauma, mkojo ukakata. Mwaka huohuo Indonesia na Uzbekistan nazo zilikuwa zikizika watoto kwa sababu ileile. Kufikia Januari 2023 shirika hilo lilikuwa likizungumzia vifo zaidi ya 300 katika nchi hizo tatu, wengi wakiwa hawajatimiza miaka mitano. Kemikali ya mwaka 1937 ilikuwa imerudi, na figo zilikufa tena. Katikati hapo ilishaua Nigeria na Bangladesh mwaka 1990, Haiti 1996, Panama 2006.

Glaikoli hizi zinafanana sana na gliserini na propilini glaikoli, vimiminika halali vya kuyeyushia dawa, na ni za bei nafuu zaidi. Pipa likipita mikononi mwa madalali kadhaa, mmoja akilibadilisha lebo au kuchanganya, mtengenezaji wa mwisho hupokea karatasi safi inayosema ni malighafi ya daraja la dawa. Vitabu vya viwango vya dawa vinataka glaikoli hizo zisizidi asilimia 0.10. Kuziona si jambo la ugenini. Unadondosha tone kwenye bamba lililopakwa silika, unaacha kiyeyushi kipande juu taratibu, unapulizia kemikali ya kuonyesha madoa, na doa la glaikoli linasimama mahali pake, mbali na la gliserini. Ukitaka namba kamili unakwenda kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha kemikali zikiwa mvuke. Asubuhi moja inatosha.

Mwongozo wa FDA wa mwaka 2023 unamtaka mtengenezaji achukue sampuli kutoka kila pipa la kila toleo, si kutoka mapipa machache yanayowakilisha mengine, kwa sababu lile moja lisilofunguliwa linaweza kuwa ndilo. Ninapoombwa kukagua faili la dawa ya maji ya watoto, huanza na ukurasa wa matokeo ya pipa moja moja. Cheti cha muuzaji pekee sikipokei, na nimeshaeleza hivyo kwa watu walionikasirikia kwamba nawachelewesha.